Kidole, Jeli na Saratani

Mwaka 1862, katika mji wa Luxor nchini Misri, Mmarekani mfanyabiashara wa vitu vya kale aitwaye Edwin Smith alinunua gombo la mafunjo. Lilikuwa limenakiliwa yapata mwaka 1600 kabla ya Kristo kutoka kwenye maandishi ya kale zaidi. Tafsiri yake ilichapishwa mwaka 1930 na James Henry Breasted wa Chuo Kikuu cha Chicago, na hapo ndipo yaliyomo katika kitabu hicho cha tabibu yalipofahamika vizuri: kesi 48 za majeraha na uvimbe, zimepangwa kuanzia kichwani kushuka chini.

Kesi ya 45 inahusu uvimbe wa kifuani. Tabibu anaelekezwa aweke mkono wake juu ya titi. Akikuta uvimbe uliotutumka, wa baridi, usio na maji ndani, mgumu kama tunda ambalo halijaiva, basi ajue amekutana na nini. Kwenye mstari wa tiba gombo limeandika kwamba hakuna.

Wagiriki waliokuja baadaye waliuita ugonjwa huo karkinos, maana yake kaa. Galeni alisema mishipa iliyosimama kuuzunguka uvimbe ilifanana na miguu ya mnyama huyo. Waarabu nao wakautaja kwa jina la kaa katika lugha yao, na jina hilo ndilo lililovuka bahari likawa saratani kwa Kiswahili. Uvimbe ulio mgumu kupita kiasi Wagiriki waliuita skirros, na kwa karne nyingi waganga waliutambua kwa kidole kabla ya kuwapo darubini wala eksirei. Hadi leo mwanamke anayejipapasa titi bafuni anatafuta kitu kile kile alichokitafuta tabibu wa Misri: donge lililo gumu kuliko nyama inayolizunguka.

Ugumu, basi, ulikuwa dalili. Ilichukua zaidi ya miaka elfu tatu kabla ya mtu kuuliza kama huenda nao una mkono wake katika kuuanzisha ugonjwa.

Hatua ya kwanza kuelekea swali hilo ilipigwa London. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Stephen Paget alichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya titi. Alitaka kujua kwa nini ugonjwa ulisambaa kwenye ini mara nyingi hivyo, ilhali bandama, inayopitiwa na damu nyingi vilevile, iliponea. Kama seli za saratani zingekuwa zinabebwa tu na damu na kutupwa popote, tofauti hiyo isingekuwapo. Paget alilinganisha seli hizo na mbegu, akasema mbegu husambaa kila upande lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Wenzake waliikubali picha hiyo, kisha wakarudi kuchunguza mbegu.

Na mbegu ilikuwa na mengi ya kusema. Mwaka 1909 kuku wa aina ya Plymouth Rock mwenye uvimbe kifuani alifikishwa kwa mtafiti kijana Peyton Rous katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Rous aliusaga uvimbe, akauchuja kwa kichujio chembamba kisichopitisha hata seli moja, akawadunga kuku wengine maji yaliyopita. Nao wakapata uvimbe. Kilichopenya kilikuwa kirusi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1911. Watu waliidharau kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 1966 Rous alipopewa Tuzo ya Nobel akiwa na umri wa miaka 87. Katika miaka ya 1970 ikabainika kwamba nguvu yote ya kirusi hicho imo katika jeni moja, iliyopewa jina la src. Maelezo yakaonekana yamekamilika: jeni mbovu ikiingia ndani ya seli, saratani imezaliwa.

Mwanamke aliyeyatia doa maelezo hayo alizaliwa Tehran mwaka 1940. Mina Bissell alikwenda Marekani kusoma akiwa kijana, akapata shahada ya uzamivu Harvard, na mwaka 1972 akaanza kazi katika Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, California. Kilichomsumbua kilikuwa kitu cha kawaida kabisa. Seli za titi zikitolewa mwilini na kuwekwa kwenye sahani ya plastiki hujitandaza kama chapati, hupoteza umbo na huacha kutengeneza protini za maziwa. Jeni zao hazijabadilika hata moja. Kilichobadilika ni mahali zinapokaa.

Mwilini seli haielei peke yake. Imezungukwa na kiunzi cha nyuzi na utando: kolajeni inayotoa uimara, laminini inayotandikwa chini ya seli kama mkeka, na sukari ndefu zinazoshika maji. Vitabu vya wakati ule vilikihesabu kiunzi hicho kuwa gundi tu, kitu cha kuzuia nyama isimomonyoke. Mwaka 1982 Bissell na wenzake wawili walichapisha hoja kwamba kiunzi huzungumza na jeni, na jeni hukijibu kwa kukijenga upya, mazungumzo ya kwenda na kurudi maisha yote.

Ushahidi mzito ulitoka ndani ya yai. Yeye na mwanafunzi wake David Dolberg walichukua kirusi kile kile cha Rous, kinachowapa saratani kuku waliokwisha kuanguliwa, wakakidunga kwenye viinitete vya siku chache, pale ambapo bawa linaanza kuchomoza. Walingoja. Kirusi kiliingia ndani ya seli na jeni ya src ikafanya kazi, lakini uvimbe haukutokea. Kisha wakazitoa seli hizo hizo kwenye kiinitete, wakazitenganisha na kuzimwaga kwenye sahani ya maabara. Huko, baada ya muda mfupi tu, zikageuka kuwa za saratani. Makala ilitoka katika jarida la Nature mwaka 1984. Mwaka uliofuata walionyesha upande wa pili: kuku aliyedungwa kirusi kwenye bawa moja alipata uvimbe pia kwenye bawa la pili ikiwa bawa hilo lilitiwa jeraha. Mahali penye kidonda palikuwa udongo ulioikubali mbegu.

Mapokezi hayakuwa mazuri. Bissell alisimulia baadaye kwamba mwanasayansi mmoja mwenye jina kubwa aliishika makala yake juu ya pipa la taka, akamuuliza anataka waifanyeje, kisha akaiachia idondoke.

Kumbe wakati huohuo watu wengine, kila mmoja na swali lake, walikuwa wameanza kuipima nguvu ya seli. Mwaka 1977, hapohapo Berkeley, Joanne Emerman na Dorothy Pitelka walizilea seli za titi la panya juu ya jeli ya kolajeni. Jeli ilipobaki imeganda kwenye sahani, seli zilitandazika na kuzembea. Waliponyanyua kingo zake ikaelea ndani ya maji ya lishe, seli ziliivuta ikanywea, zikarudia umbo lao la kusimama na kuanza tena kutengeneza protini za maziwa. Kolajeni ilikuwa ile ile na lishe ile ile. Tofauti ilikuwa moja: jeli iliyoshikiliwa inakataa kuvutwa, inayoelea inakubali.

Miaka mitatu baadaye Albert Harris wa Chuo Kikuu cha North Carolina alifanya jaribio ambalo mtu angeweza kulionyesha mezani. Alichukua mafuta mazito ya silikoni, akapitisha moto juu yake kwa nukta chache tu, uso wake ukaganda kuwa ngozi nyembamba ya mpira huku chini kukibaki majimaji. Juu ya ngozi hiyo aliweka seli. Chini ya darubini mikunjo ilianza kujitokeza, kama shuka linavyokunjamana chini ya mtu anayejigeuza kitandani. Seli moja, isiyoonekana kwa macho, ilikuwa inaivuta sakafu yake. Kumbe hata zilizoonekana zimelala tu kwenye plastiki zilikuwa zinavuta muda wote, ila plastiki haikunji uso.

Hapo ndipo tatizo la sahani ya maabara lilipojianika. Plastiki ni ngumu mara mamilioni kuliko titi au ubongo. Kwa miongo mingi wataalamu walikuwa wamejifunza tabia za seli kwa kuzilaza juu ya kitu ambacho, kwa kipimo cha seli, ni mwamba.

Mwaka 1997 Robert Pelham na Yu-li Wang walipata njia ya kuutenganisha ugumu na mambo mengine yote. Walitumia poliakrilamaidi, jeli inayotumika kila siku maabara kuchambua protini. Ukizidisha kiungo kinachofunga nyuzi zake inakuwa ngumu. Ukikipunguza inakuwa laini kama maziwa mgando. Juu ya kila jeli walipaka kolajeni kwa kiasi kile kile, ili seli ziguse kitu kimoja. Kwenye jeli ngumu seli zilijitandaza na kushika kwa nguvu. Kwenye laini hazikutulia, na vishikio vyao vilikuwa vidogo visivyodumu. Mwaka 2000 kundi la Wang lilitengeneza jeli yenye nusu laini na nusu ngumu. Seli zilizotoka upande laini zilivuka mpaka bila wasiwasi; zilizotoka upande mgumu zilifika mpakani zikageuka.

Seli inajuaje? Inajua kwa kuvuta, kama nahodha anavyoijaribu nanga. Akivuta kamba na nanga ikateleza kwenye tope, kamba inalegea mkononi. Nanga ikiwa imenasa kwenye mwamba, kamba inakaza na chombo chote kinatikisika. Nanga za seli ni protini ziitwazo integrini, zilizochomoza nje na kushika nyuzi za kiunzi. Kamba zake ni nyuzi za aktini, na anayevuta ni miosini, ndugu wa protini inayokaza misuli yetu. Kamba ikikaza, protini kadhaa kwenye nanga hunyooka, nyingine hukusanyika, na ujumbe huanza safari ya kwenda kwenye kiini. Mwaka 2011 kundi la Stefano Piccolo wa Padova, Italia, liliwatambua wapokezi wawili wa ujumbe huo, YAP na TAZ. Kwenye sakafu laini hubaki nje ya kiini. Kwenye ngumu huingia ndani na kuwasha jeni zinazoiambia seli iendelee kuishi na kugawanyika.

Uzito wa jambo hili ulionekana vizuri zaidi mwaka 2006, wakati kundi la Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilipochukua seli shina za uboho na kuzilaza kwenye jeli tatu. Zilizokaa kwenye jeli laini kama ubongo zilianza kufanana na seli za neva. Zilizokaa kwenye ugumu wa msuli zikaelekea kwenye msuli. Zilizowekwa kwenye jeli ngumu zaidi, yenye ugumu wa mfupa unaoanza kuundwa, zikashika njia ya mfupa.

Saratani ilirudi ulingoni kupitia mtafiti kijana katika maabara ya Bissell. Valerie Weaver alifika Berkeley katika miaka ya 1990 baada ya shahada ya uzamivu. Maabara ilikuwa na seli za titi zilizoanzishwa Denmark, za namna mbili zilizotokana na mzizi mmoja: moja tulivu, nyingine ya saratani. Zikilelewa ndani ya jeli ya kiunzi, zile tulivu hujipanga kuwa vifuko vidogo vya mviringo, kisha huacha kukua. Zile za saratani hurundikana ovyo. Weaver alizipa zile za saratani kingamwili inayoziba integrini moja, yaani nanga. Zikatulia, zikajipanga kwenye vifuko vya mviringo na kuacha kugawanyika, huku jeni zote mbovu zikiwa bado zimo ndani yake. Taarifa ilitoka mwaka 1997.

Kama kuziba nanga kunatuliza, je, kukaza kamba kunachochea? Akiwa sasa na maabara yake Pennsylvania, Weaver na mwanafunzi wake Matthew Paszek walipima kwanza. Tezi ya titi la panya lisilo na ugonjwa ilikuwa na ugumu wa paskali 170 hivi. Uvimbe ulifika kama paskali 4,000, zaidi ya mara ishirini. Kisha wakachukua seli tulivu kabisa za titi la binadamu na kuzilea kwenye jeli za ugumu tofauti, kuanzia laini kupanda. Kwenye zile laini, vifuko vilijipanga vizuri na uwazi katikati. Kadiri jeli ilivyozidi kuwa ngumu ndivyo uwazi ulivyojaa, mpangilio ukavurugika na seli zikaanza kuchungulia nje ya mipaka yake. Hakuna aliyegusa jeni zao. Walipoidhoofisha protini inayoendesha mvuto wa ndani, seli za saratani zilirudi kwenye utulivu. Makala ya mwaka 2005 katika jarida la Cancer Cell iligeuza mwelekeo wa maabara nyingi.

Bado mtu angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya jeli. Jibu lilihitaji panya aliye hai, na likapatikana kwa msaada wa ua la bustanini. Ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba panya wa maabara wakilishwa mbegu za ua fulani la jamii ya kunde, lenye jina la kisayansi Lathyrus odoratus, mifupa yao hupinda na mishipa yao mikubwa hudhoofika. Sumu iliyomo huzima kimeng'enya kinachoitwa LOX, ambacho kazi yake ni kuzifunga nyuzi za kolajeni moja kwa nyingine, kama fundi anayefunga fito za nyumba kwa kamba. Fito zisipofungwa, ukuta unayumba. Zikifungwa kupita kiasi, ukuta unakakamaa.

Mwaka 2009 Kandice Levental, Weaver na wenzao walionyesha katika jarida la Cell kwamba karibu na uvimbe wa titi LOX hufanya kazi kupita kiasi, nyuzi hunyooka na kunenepa, na tishu hukaza. Panya waliopewa dawa ya kukizima kimeng'enya hicho walikuwa na tishu laini zaidi, na uvimbe wao ulichelewa. Huko Wisconsin, kundi la Patricia Keely lilikuwa linazitazama nyuzi hizohizo kwa darubini ya leza. Pale zilipopangika wima kutoka ukingoni mwa uvimbe, kama njia zinazotoka mjini, seli za saratani zilizitumia kutokea. Mwaka 2011 walionyesha kwamba wanawake wenye mpangilio huo hawakuishi muda mrefu kama wenzao.

Kiumbe mmoja wa Afrika Mashariki ameingia katika habari hii kwa mlango wa nyuma. Fuko uchi, mnyama mdogo asiye na manyoya anayeishi ardhini Kenya, Ethiopia na Somalia, huishi zaidi ya miaka thelathini na hupata saratani mara chache mno. Jennifer Jarvis alianza kumchunguza Kenya katika miaka ya 1960. Mwaka 2013 Vera Gorbunova na Andrei Seluanov wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, waliandika kwamba maji yaliyolelea seli za fuko huyo yaligeuka kuwa ute mzito. Ute huo ni asidi ya hailuroniki, sukari ya kwenye kiunzi, yenye nyuzi ndefu zaidi ya mara tano kuliko zetu. Walipoiondoa, seli zikawa rahisi kugeuzwa kuwa saratani. Mwaka 2020 kundi la Cambridge likapinga sehemu ya maelezo hayo: seli za fuko, walisema, hugeuzwa kama za panya zikipewa jeni za saratani. Lakini hitimisho lao lilikuwa kwamba kinga yake huenda imo katika mazingira yanayozizunguka seli mwilini, yaani palepale alipopaonyesha Paget.

Madaktari walipojaribu kuyageuza haya kuwa dawa, mwili ukaonyesha utata wake. Saratani ya kongosho ndiyo iliyochaguliwa, kwa kuwa sehemu kubwa ya uvimbe wake ni kovu gumu, si seli za saratani, na kovu hilo hubana mishipa mpaka dawa isipite. Wazo lilikuwa kuliyeyusha. Mwaka 2012 jaribio la dawa mojawapo ya kuzuia kovu lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu wagonjwa walioipata walikuwa wanafariki mapema zaidi. Mwaka 2014 makundi mawili yalionyesha kwa panya kwamba kongosho likinyang'anywa seli zinazojenga kovu, saratani huwa kali zaidi. Kovu lilikuwa linaisukuma saratani na kuizuia kwa wakati mmoja. Kingamwili iliyotengenezwa dhidi ya ndugu wa kimeng'enya cha LOX nayo haikuwaongezea wagonjwa wa kongosho maisha. Tangu hapo watafiti wengi wameacha kuzungumzia kubomoa kiunzi. Wanatafuta namna ya kukilegeza, wakijaribu hata dawa za zamani za shinikizo la damu ambazo kwa panya zilipunguza kovu na kufungua mishipa.

Upande wa vipimo safari imekwenda mbali zaidi. Mwaka 1991 Jonathan Ophir na wenzake huko Houston waligundua namna ya kutumia mawimbi ya sauti kuchora ramani ya ugumu ndani ya mwili. Mwaka 2003 Laurent Sandrin na wenzake wa Paris walieleza kifaa cha kupimia ini, kiungo kinachoonyesha uhusiano wa ugumu na saratani kuliko vyote. Homa ya ini aina ya B, inayofahamika vizuri Afrika Mashariki, ikikaa miaka mingi huliacha ini na kovu juu ya kovu, na saratani nyingi za ini huzaliwa ndani ya ini lililokwisha kukakamaa hivyo.

Mgonjwa hulala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa ili mbavu zifunguke. Mpimaji hupaka jeli ya baridi, huweka kifaa katikati ya mbavu mbili na kubonyeza. Mgonjwa husikia kipigo kidogo, kama mtu aliyemgonga kwa ncha ya kidole. Wimbi hupita ndani ya ini, polepole ini likiwa laini, haraka ini likiwa gumu. Ini zima husomeka karibu na kilopaskali 5. Lililokakamaa hupita 12 na linaweza kufika makumi kadhaa. Vipimo kumi huchukuliwa, mashine huchagua cha katikati, na namba huandikwa kwenye faili, kwenye nafasi ambayo mwandishi wa mafunjo aliijaza kwa kutaja tunda bichi.